Apewe Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi

Katika Mkoa wetu wa Katavi liko neno moja ambalo watu hulitumia kila siku bila kuuliza lina maana gani mbele ya sheria. Neno hilo ni "mkazi wa kudumu". Husikika katika ofisi za vijiji na katika mabaraza ya usuluhishi, na wazee wa Katumba na Mishamo hulitamka kwa utulivu wanapoulizwa wao ni nani. Mzee aliyefika Mpanda mwaka 1973 akiwa kijana, akafyeka miombo, akalima mahindi na tumbaku, akaoa, akazaa, akazika, na leo hii anawaona wajukuu wake wakisoma Kiswahili shuleni na kukizungumza kuliko Kirundi, ajitambulishe kwa neno gani jingine? Lakini mzee huyo huyo apatapo habari kwamba ndugu yake wa tumbo moja amefariki dunia huko Rumonge, ng'ambo ya mpaka, ndipo anapotambua kwamba neno lile halina karatasi. Kutoka ataweza. Mpaka wetu na Burundi ni mrefu, una vichaka na vijito vingi, na Ziwa Tanganyika halina lango. Jambo la shaka ni kurudi.

Hoja yetu leo ni kwamba mtu haitwi mkazi wa kudumu wa nchi kwa sababu tu amekaa bila kutoka. Mfungwa naye hukaa bila kutoka. Huitwa mkazi kwa sababu akitoka kwenda kuzika au kumwona mgonjwa, nyumba yake humngoja na sheria humrudisha mlangoni pake. Maadamu haki hiyo ya kurudi haijaandikwa mahali popote, ukazi wake ni hisani tu, na mtu mzima haachiwi kuishi miaka hamsini kwa hisani.

Tuanze na historia, kwa kuwa vijana wengi wa Mpanda hawaijui barabara. Mpaka huu unaotutenganisha na Warundi haukuchorwa na Mha, wala Mrundi, wala Mbende. Hadi mwaka 1916 mvuvi wa Rumonge na mvuvi wa Karema walikuwa chini ya dola moja ya Kijerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia ikawaleta Wabelgiji, wakaitwaa hata Kigoma, wakaja kuikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Tangu hapo mstari ukakazwa: huku Waingereza, kule Wabelgiji. Katika mwambao wetu wa Karema na Ikola wako Waholoholo, na ndugu zao wako ng'ambo, Kongo. Ziwa kwao lilikuwa barabara kabla halijawa mpaka. Hatusemi haya ili mipaka ifutwe. Nchi za Afrika zilikubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru, na Tanzania ndiyo iliyosimama mbele katika azimio hilo. Tunayasema ili ikumbukwe kwamba mtu wa Mpanda kuwa na shangazi Burundi si jambo la ajabu, wala si dalili ya hila.

Wakimbizi wa kwanza wengi katika wilaya yetu hawakuwa Warundi. Mwaka 1964 waliletwa Mwese, katika nchi ya milima iliyo magharibi ya Mpanda, Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Kivu na kukosa amani huko. Kisha ukaja mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo ghasia zilizuka Rumonge na Nyanza-Lac, na kisasi cha jeshi la Serikali ya Burundi kikafuata, kikaua watu kwa maelfu kwa maelfu, hasa wasomi wa Kihutu, walimu na wanafunzi. Waliosalimika wakavuka. Serikali yetu ikawapeleka mbali na mpaka, kama sheria za kimataifa zinavyotaka, ikafungua Ulyankulu huko Tabora, ikafungua Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Kila familia ikapewa shamba, jembe na mbegu. Kufikia mwaka 1980 Katumba ilikuwa inajilisha, nayo Mishamo ikafuata mwaka 1985, na misaada ya nje ikaondoka. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa nchini wangepewa uraia, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Nishani ya Nansen. Sifa hiyo tuliistahili.

Hata hivyo ukarimu ule ulikuwa na ukuta ndani yake. Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965, na baadaye Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, zilimtaka mkimbizi akae katika eneo aliloelekezwa, na akitaka kutoka apate kibali. Mkulima wa Katumba aliyetaka kupeleka mahindi sokoni nje ya makazi aliomba karatasi. Kama kwenda Tabora kulihitaji kibali, msomaji na apime mwenyewe kwenda Burundi kulihitaji nini. Kwa kifupi, hakukuwezekana. Wapo watu waliofiwa na wazazi Makamba na Bururi katika miaka ya sabini na themanini wasiweze kwenda matangani. Walifanya matanga matupu, bila kaburi, chini ya miembe ya Mpanda.

Wakati ule ukuta huo ulikuwa na sababu. Burundi ilitawaliwa na majeshi, na mtu wa mwaka 1972 aliyerudi alihatarisha roho yake. Sababu hiyo sasa ni ya zamani. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Na mwaka huo huo wa 2007 Serikali yetu ilifanya jambo ambalo nchi chache sana duniani zimelifanya: iliwahesabu wakimbizi wote wa mwaka 1972 katika makazi matatu, ikakuta ni watu wapatao 218,000, ikamwuliza kila mmoja anataka kurudi kwao au anataka kuwa Mtanzania. Karibu wanne katika kila watano walisema wanataka uraia. Waliobaki walichagua kurudi, na katika mwaka 2008 na 2009 zaidi ya watu elfu hamsini walirejea Burundi.

Hapa ndipo kiini cha jambo letu kilipo, nasi tunaomba msomaji atulie nalo. Uchaguzi ule haukufanywa na koo nzima nzima. Uliingia ndani ya nyumba. Baba mzee alisema anataka kufia alikozaliwa, mwanawe aliyezaliwa Katumba akasema hajui Burundi inafananaje. Mke aliwafuata wazazi wake, dada akabaki na mume. Lori zilipoondoka Mpanda zilikata familia katikati kama mtu akatavyo mkate. Hakuna aliyekosea. Kila mtu aliulizwa, kila mtu akajibu kwa hiari yake, na hiyo ni heshima kubwa. Ila kuanzia siku ile kuvuka mpaka kukawa haja ya kawaida ya watu wa kawaida, kama ilivyo haja ya mtu wa Sumbawanga kwenda Mbeya kumwona mama yake. Na haja hiyo haikutengenezewa utaratibu.

Waliochagua uraia walifikiri utaratibu umepatikana. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa. Ikumbukwe kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwombaji alitakiwa kuukana ule wa kwanza. Basi waliukana. Lakini vyeti havikutoka. Ilisemwa kwanza wahame, watawanywe katika mikoa mbalimbali, makazi yafungwe. Kisha jambo hilo likaonekana gumu kwa gharama na kwa ubishi wa mikoa iliyotakiwa kuwapokea. Na hatimaye vyeti vikaanza kutolewa mwezi Oktoba 2014, watu wakiwa pale pale walipokuwa. Kwa miaka minne mtu wa Katumba alikuwa si Mrundi, kwa kuwa ameukana Urundi; mkimbizi hakuwa tena, kwa kuwa amekubaliwa uraia; na Utanzania hakuweza kuuonyesha, kwa kuwa hana cheti. Mtu kama huyo akifiwa ng'ambo aombe hati ya safari kwa nani? Ubalozi wa nani? Ofisi ipi? Alivuka kwa njia za panya, au hakuvuka.

Tunaikumbusha miaka hiyo minne kwa sababu inatufundisha jambo la kisheria ambalo wakubwa wengi hulipita haraka. Nchi yetu, kwa kweli, haina daraja la mkazi wa kudumu kama linavyofahamika penginepo. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 ina hati za ukaazi za madaraja matatu: A ya mwenye mtaji, B ya mwajiriwa, C ya wengineo kama mtafiti, mwanafunzi au mmisionari. Zote zina mwisho. Mchimbaji kutoka ng'ambo ya bahari anayekuja Mpanda kwa miaka miwili kutafuta dhahabu ana hati ya ukaazi, na kwa hati hiyo na pasipoti yake atakwenda Bujumbura Ijumaa na kurudi Jumatatu pasipo kuulizwa maswali mawili. Mzee wa Mishamo aliyekaa tangu mwaka 1978, kama hakupata uraia, hana daraja lake. Si A, si B, si C. Mgeni wa juzi ni mkazi. Mwenyeji wa miaka arobaini si mkazi. Sheria haikukusudia hivyo, lakini ndivyo inavyosomeka.

Nao wasiopata uraia wapo. Wapo ambao maombi yao yalikataliwa, wapo ambao siku ya kuandikishwa hawakuwako, wapo walioolewa au kuoa kutoka ng'ambo baadaye. Hatutataja idadi, hata kama wangekuwa mia moja, hoja ingesimama. Kuhusu hawa kuna tatizo jingine lililojificha. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unasema kwamba mkimbizi anayejiweka tena kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia, au anayerudi kukaa huko, hukoma kuwa mkimbizi. Maneno hayo yana haki. Lakini ofisa asiyesoma vizuri huweza kuyatafsiri kwamba kila aliyekanyaga Burundi, hata kwa siku tatu za msiba, amekwisha kujifuta. Kwenda matangani na kurudi kukaa ni mambo mawili tofauti. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lenyewe limezoea kuandaa safari za wakimbizi kwenda kuona hali ya kwao na kurudi kambini kuwaeleza wenzao. Ikiwa kwenda kwa lori la shirika hakumfuti mtu, kwa nini kwenda kwa basi kumfute?

Sasa tuje kwa yule aliyepata cheti chake. Huyu ni raia. Pasipoti ni haki yake, na kwa wasafiri wa nchi jirani iko pia hati ya dharura ya safari, iliyotajwa katika Sheria ya Pasipoti na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002, nyepesi na ya bei nafuu kuliko pasipoti. Kwa maandishi, mambo yake yamekamilika. Kwa vitendo, ana lafudhi. Sehemu ya kuzaliwa kwake imeandikwa Nyanza-Lac. Anajua kwamba sheria inaruhusu raia wa tajinisi avuliwe uraia kwa sababu kadhaa, jambo ambalo jirani yake Mpimbwe au Mkonongo hana haja ya kuliwaza. Basi kila afikapo mbele ya meza ya mtu mwenye sare hujiuliza kama leo ndiyo siku. Mtu wa namna hii, akiwa na pasipoti mfukoni, bado atachagua njia ya vichakani, kwa sababu vichaka havimwulizi alizaliwa wapi. Hilo linapaswa kutushtua. Raia anapoogopa lango la nchi yake kuliko msitu, lango lina kasoro.

Na njia yenyewe si fupi. Kutoka Mpanda hadi Manyovu, kwa Uvinza na Kasulu, ni zaidi ya kilometa mia tatu. Msafiri huuza debe za mahindi, hulala njiani, hufika Manyovu, na upande wa pili ni Mugina, Burundi. Anayepita langoni hupigiwa muhuri akaendelea na safari yake. Anayekwepa lango huingia mikononi mwa wapitishaji, ambao leo hudai elfu kadhaa na kesho hudai zaidi, na ambao wanajua kwamba mteja wao hawezi kwenda polisi kushitaki. Mwanamke anayevuka hivyo usiku akiwa na mtoto mgongoni hatuna haja ya kumweleza msomaji anahatarisha nini. Akirudi na kukamatwa huku, hushitakiwa kwa kuingia nchini bila kibali. Nchini! Katika wilaya ambamo watoto wake wote wamezaliwa.

Wapo watakaotujibu kwa neno la ulinzi, na neno hilo hatulidharau. Chama cha Palipehutu kilianzishwa mwaka 1980 huko huko Mishamo. Kwa hiyo si ndoto kusema kwamba siasa za silaha za Burundi ziliwahi kutafuta kivuli katika mashamba yetu. Vilevile kuna uporaji wa mifugo, kuna silaha zilizobaki kutoka vita za nchi jirani, na wananchi wa Katavi wameonja matunda machungu ya mambo hayo. Lakini tuulize: ni mpaka upi unaolindwa vizuri zaidi, ule ambao mtu mwema hupita langoni na jina lake likaandikwa, au ule ambao mtu mwema na jambazi wote wawili wanapita vichakani gizani? Kila mzee anayelazimika kutumia njia ya panya anaifanya njia hiyo iwe na nyayo nyingi, na mwenye bunduki hujificha katika nyayo za wengi. Wapewe wazee karatasi, wahamie langoni, na askari wa doria atajua kwamba nyayo anazozikuta kichakani ni za nani.

Wengine husema, "Walipewa nafasi ya kuchagua. Waliochagua Tanzania wakae Tanzania." Usemi huu una ukali wa mtu ambaye hajafiwa mbali. Kuchagua nchi si kuapa kutowaona wazazi. Watanzania wako Oman, wako London, wako Bujumbura. Hatujasema wakija kuzika Ujiji wamevunja ahadi na nchi wanamoishi. Tena tukumbuke kwamba mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, umejaa watu wa Kiswahili ambao mababu zao walitoka upande wetu wa ziwa, na Kalemie, ng'ambo ya Kongo, vilevile. Siku Burundi itakaposema kwamba mkazi wa Buyenzi akienda Kigoma asirudi, sisi ndio tutakaokuwa wa kwanza kulalamika. Jambo hili ni la pande mbili, nalo lingefaa kuzungumzwa kwa pande mbili.

Umri wetu sisi tunaoandika sasa hautukumbushi miaka ile, lakini baba zetu wanakumbuka mwezi Februari 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa, na Jumuiya ya kwanza ikavunjika mwaka huo huo. Ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Wafanyakazi wa reli, wa posta na wa bandari walioajiriwa upande mmoja na kuzaliwa upande mwingine walijikuta wameachwa na gari moshi. Wakuu wa nchi walikuwa na sababu zao. Waliolipa ni wakazi: Mluo wa Musoma aliyekuwa na mji Kisumu, Mtaita aliyeoa Same. Mafunzo ya miaka ile sita ndiyo yaliyowafanya waasisi wa Jumuiya ya sasa waandike mambo ya watu waziwazi na mapema.

Na waliandika. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Inazungumzia kusafiri kwa watu, kufanya kazi, kukaa. Lakini isomwe kwa makini: haki zake ni za raia wa nchi wanachama, na kuhusu ukazi wa kudumu inasema hilo ni la sheria na sera za kila nchi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuwaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikuingia katika mpango huo, kwa tahadhari yake. Hata kama tungeingia, mzee wetu wa Mishamo asiye na uraia angebaki nje, kwa sababu mlango wote umejengwa kwa kipimo cha raia. Jumuiya imemfikiria mfanyabiashara, mwanafunzi na mtalii. Mkazi asiye raia imemrudisha kwa Serikali yake, yaani kwetu. Kwa hiyo hatuwezi kusema tunasubiri Arusha. Arusha inatusubiri sisi.

Wenzetu wa Afrika Magharibi walikutana na jambo kama hili wakalitafutia dawa bila makelele. Mwaka 2007 Nigeria, Liberia na Sierra Leone, pamoja na Jumuiya ya Uchumi ya nchi zile na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zilikubaliana kuhusu wakimbizi waliobaki Nigeria baada ya vita kwisha. Serikali ya kwao iliwapa pasipoti, Nigeria ikawapa kibali cha kukaa cha miaka mitatu kinachoweza kuendelezwa, nao wakaacha kuitwa wakimbizi wakaitwa wakazi. Mtu alibaki Lagos na duka lake, na sikukuu akaenda Monrovia kumsalimu mama yake. Sisi tulifanya jambo kubwa zaidi kuliko Nigeria, tulitoa uraia kwa watu zaidi ya laki moja na nusu. Ni ajabu kwamba lile kubwa tuliliweza, na hili dogo limetushinda.

Tunachopendekeza hakihitaji fedha nyingi wala mkutano wa wakuu wa nchi. Sheria ile ya mwaka 2002 imekwisha kutaja hati ya mkimbizi ya Geneva na cheti cha utambulisho kwa mtu asiye na pasipoti. Yaani chombo kipo. Kinachotakiwa ni kukileta karibu, na kukieleza. Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, pamoja na viongozi wa Nsimbo na wa Wilaya ya Tanganyika, waweke siku maalumu Katumba na Mishamo ambapo mtu atajaza fomu, atapigwa picha, na kupata jibu katika muda unaojulikana. Msiba haungoji miezi. Hati hiyo iandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi kwamba mwenye nayo ana ruhusa ya kutoka na ruhusa ya kurudi, na kwamba safari ya siku kadhaa kwa ajili ya maziko, ugonjwa, ndoa au shauri la shamba la urithi haibadili hadhi yake hapa. Maofisa wa Manyovu waielezwe, na wenzao wa Mugina waielezwe pia, kwani hati isiyojulikana upande wa pili ni karatasi ya kufungia karanga.

Shauri la shamba tumelitaja kwa makusudi. Waliorudi Burundi mwaka 2008 na 2009 wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine waliokwisha kukaa miongo mitatu. Mashauri yalifunguliwa. Ndugu aliyebaki Katumba ndiye aliyekuwa shahidi, kwa sababu ndiye mkubwa, ndiye anayekumbuka mpaka wa shamba la babu ulipita wapi, mti gani ulikuwa wapi. Shahidi huyo asipoweza kuvuka, shauri huamuliwa bila yeye. Wapo watakaoogopa kwamba raia wetu mpya anakwenda kudai ardhi ya pili huku ana ardhi Mpanda. Basi mahakama za Burundi zitamwamulia hilo; si kazi ya mlinda lango wa Manyovu.

Kwa muda mrefu zaidi, Bunge lingefanya vema kuliangalia upya lile pengo la A, B na C, na kuweka daraja la mkazi wa muda mrefu kwa mtu aliyeishi nchini kihalali miaka mingi, ambaye watoto wake ni wa hapa na mwenendo wake unajulikana kijijini, hata kama kwa sababu moja au nyingine hakupata uraia. Kitambulisho cha mkazi anaweza kupewa. Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ipo tangu mwaka 1986, na vitambulisho vya taifa vinatofautisha raia, mgeni mkazi na mkimbizi. Kilichobaki ni kukubaliana kwamba ukazi huo unampa mwenyewe ruhusa ya kurudi nyumbani kwake. Suala hili litazidi kuwa kubwa, halitapungua. Kongo imeingia katika Jumuiya mwaka 2022, bandari ya Karema imejengwa, na watu wa Kalemie na Moba watakuja Mpanda kufanya biashara, wataoa hapa, watajenga. Baada ya miaka ishirini nao watakuwa na wazee wenye misiba ng'ambo ya ziwa.

Lakini Bunge lina ratiba yake na sheria huchukua muda. Siku za fomu Katumba na Mishamo zinaweza kupangwa mwaka huu huu, na tungeomba zianze na waliovuka mwaka 1972 wakiwa watu wazima. Wamebaki wachache. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka ule sasa amepita sabini, na wengi wao hawaombi safari ya pili. Wanaomba moja, ya kwenda kuona kaburi la mama na kurudi Mpanda kwa wajukuu kabla ya msimu wa kulima.